Kitoto kinalia, na Kijerumani chao

Siku ya kwanza ya darasa la Kijerumani hapa Nairobi, mwalimu alitupangia mezani kijiko, uma na kisu. Akavigusa kimoja kimoja: der Löffel, die Gabel, das Messer. Kijiko cha kiume, uma wa kike, kisu si huku wala kule. Darasa zima likacheka. Muuguzi niliyeketi naye, ambaye anautaka mtihani wa Kijerumani ili apate kazi Ujerumani, akaninong'oneza, "Sasa huu uma ni mama ya nani?"

Nilicheka pia. Nikiwa kwenye matatu kurudi nyumbani ndipo nilipoona tumejicheka wenyewe. Sisi ambao kitabu chetu kimepotea, kalamu yetu imepotea na daftari letu limepotea, tunashangaaje mtu mwenye makundi matatu tu ya nomino? Ngeli zetu zinapita kumi. Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini ukuta uko U-ZI, na hatukuwahi kudai maelezo.

Lawama yangu naitupia lugha tuliyofundishiwa. Darasani kila kitu kilielezwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina "the" moja ya kijiko, uma na kisu. Ukiingilia mlango huo, der, die na das ni adhabu. Ukiingilia wa Kiswahili, ni upatanisho wa kisarufi, kitu unachokifanya tangu ulipoanza kuomba maji.

Chukua das Mädchen, msichana. Kila mwanafunzi hulalamika: msichana anakosaje jinsia ya kike? Tulijibiwa kwamba ndivyo ilivyo, tukariri. Lakini -chen ni kiambishi cha udogo, na chochote kinachokivaa huhamia das. Die Katze, paka, akidogoshwa anakuwa das Kätzchen. Nasi je? Mtoto analia, mwite kitoto, kitoto kinalia. Nyumba imebomoka, kijumba kimebomoka. Ukimdogosha mtu au kitu, unamhamisha ngeli. Mwalimu angesema sentensi hiyo moja tu, tungeokoa wiki nzima.

Der kugeuka den na dem ndiko kulikotoa watu jasho. Ich gebe der Frau den Löffel: nampa mama kijiko. Nilimtafuta mwanamume kwenye sentensi hiyo jioni nzima, kwa kuwa nilikuwa nimekariri kwamba der ni dume. Kumbe der hiyo ni die iliyobadilika kwa sababu mama ndiye anayepewa. Jamani, hiyo si shamirisho kitondo ya sekondari? Na kijiko, kinachotolewa, ni shamirisho kipozi. Tuliyasoma hayo kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili, tukayazika siku ileile tuliyotoka chumba cha mtihani.

Sisemi milango yote inafunguka kwa ufunguo huu. Helfen, kusaidia, humtaka anayesaidiwa awe kitondo, hata kama hapewi chochote mkononi. Halafu kuna mahali. Sisi husema naenda shuleni, niko shuleni, na -ni haibadiliki; kazi yote inafanywa na kitenzi. Mjerumani anakwenda in die Schule lakini yumo in der Schule. Hapo sina hila, ni mazoezi tu. (Na neno shule lenyewe tulilitoa kwao.) Kwa msamiati pia Kiingereza kina faida yake: Wasser na Haus hazihitaji tafsiri ndefu.

Lakini sarufi ndiyo inayowaangusha wenzangu, na wamelipa karo kwa pesa za kukopa. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024. Kama kweli tunataka vijana wapite, mtu aketi aandike kitabu cha Kijerumani kinachoanza na ngeli. Nitakuwa wa kwanza kukinunua.

Juzi nilimuuliza mwalimu, neno safari kwao liko wapi? Akajibu bila kufikiri: die Safari. Nimeliandika kwa wino mwekundu, rangi ya maneno yangu yote ya kike. Yule muuguzi akachungulia daftari langu. "Haya," akasema, "hata safari yetu wameioa."