Kabla ya Kumpima Mbwa, Apimwe Mwenyewe

Sentimita 51. Huo ndio urefu, toka ardhini hadi begani, ambao mbwa dume aliyekomaa akiufikia katika England na Wales anaweza kuhesabiwa kuwa ni XL Bully, aina ya mbwa mkubwa mwenye misuli. Kwa jike ni sentimita 48. Ongeza kichwa kipana, shingo nene na kifua kilichotuna, na mbwa huyo ameshaingia kwenye orodha ya waliopigwa marufuku. Wazazi wake walikuwa wa aina gani si hoja, na vipimo vya vinasaba havizingatiwi. Kama amewahi kumng'ata mtu, au amelala mlangoni miaka sita bila kumngurumia hata mtoto anayemvuta masikio, hilo nalo halimo kwenye futi ya mpimaji.

Tangu tarehe 1 Februari 2024, kumiliki mbwa wa namna hiyo huko bila cheti cha msamaha ni kosa la jinai. Cheti nacho kina masharti yake: mbwa ahasiwe, awekewe chipu ya utambulisho, akatiwe bima, na akitoka nje awe na kamba na kifunga mdomo. Zaidi ya mbwa 50,000 walipewa vyeti. Ndipo ulipofufuka mjadala wa siku nyingi: sheria imfuate mbwa kwa sura yake, au imfuate mwenye mbwa kwa mwenendo wake?

Wapenzi wa mbwa wana jibu walilolikariri. Mbwa hana kosa, mwenye kosa ni aliyemlea. Kwa hiyo tuache marufuku, tuwafundishe wafugaji wajibu wao. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ugomvi wangu nao uko kwenye neno moja tu, nalo ni "badala". Wajibu wa mfugaji ukiwekwa badala ya sheria, unabaki kuwa ombi, na anayefuga mbwa ili jirani wamwogope hana mazoea ya kusikiliza maombi.

Kwanza, upande wa marufuku upewe haki yake, maana mara nyingi hunyimwa. Hoja yake yenye nguvu haisemi kwamba kila mbwa wa aina fulani ni muuaji. Inasema hivi: mbwa wote wana meno, ila meno hayalingani kwa kazi. Kijibwa cha kilo tano kilichokosa malezi kikimrukia mtu, ataosha jeraha, atachomwa sindano, wiki ijayo amesahau. Mbwa wa kilo hamsini aliyekosa malezi yaleyale, akitoka kwenye ukoo uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kupiganishwa, anaweza kuua kabla hajatokea wa kumzuia. Kosa la mfugaji ni moja, hasara ni mbili tofauti. Wenye hoja hii huongeza kwamba hakuna mji unaosubiri simba aume ndipo umkataze kufugwa uani.

Takwimu nazo wanazo. Utafiti wa jimbo la Manitoba nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulilinganisha vipindi vya kabla na baada ya miji kukataza pit bull, jamii ya mbwa wa ukoo ule wa kupiganishwa, Winnipeg ikiwa imeanza mwaka 1990. Waliolazwa hospitalini kwa kuumwa na mbwa walipungua kutoka 3.47 hadi 2.84 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Si punguzo la kupigiwa vigelegele, lakini ni punguzo. Anayesema marufuku haijawahi kusaidia popote ama hajasoma, ama amesoma akanyamaza. Nchini Marekani, uchunguzi wa vifo 238 vilivyosababishwa na mbwa kwa miaka 20 hadi 1998 uliona kwamba zaidi ya nusu vilihusisha mbwa wa jamii ya pit bull na Rottweiler. Mtu akiisoma hesabu hiyo akashtuka, hatuwezi kumwita mjinga.

Lakini uchunguzi huohuo una mambo mengine ambayo hayatajwi sana. Aina za mbwa waliohusika zilifika walau 25. Katika vifo ambavyo mazingira yake yalijulikana, asilimia 58 vilitokea ndani ya eneo la mwenye mbwa, mbwa akiwa hajafungwa. Nadhani kuna la kujifunza hapo: hatari kubwa iko nyumbani, kwa mgeni aliyekuja bila taarifa na kwa mtoto aliyeachwa peke yake dakika tano. Orodha ya aina za mbwa haifiki huko.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa vifo 256 vya miaka 2000 hadi 2009, ulichimba zaidi, ukitumia majalada ya wapelelezi badala ya habari za magazeti peke yake. Asilimia 87 ya vifo hivyo vilitokea pasipo mtu mwenye nguvu wa kuingilia kati. Asilimia 84 vilihusisha mbwa ambao hawakuhasiwa. Asilimia 76 vilihusisha mbwa waliowekwa kama kifaa cha ulinzi, mbali na watu, bila kuzoeshwa kuishi nao. Na katika visa vinne kati ya vitano, sababu nne au zaidi za namna hiyo zilikutana pamoja. Aina ya mbwa je? Iliweza kuthibitishwa kwa uhakika katika asilimia 18 hivi tu ya visa. Yaani kile ambacho sheria nyingi hukiweka mbele kuliko vyote ndicho ambacho wachunguzi walishindwa kukijua katika visa vingi.

Sayansi ya vinasaba nayo imeisogeza hoja. Mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za tabia za mbwa zaidi ya 18,000, na kuwasoma vinasaba zaidi ya 2,000 kati yao. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asilimia 9 si sufuri, na wenye mbwa wa kuchunga wanajua kwamba ukoo una lake. Ila kumhukumu mbwa kwa hilo peke yake ni kuugeuza msemo wa samaki mmoja akioza kuwa kifungu cha sheria. Denmark iliongeza orodha yake ya marufuku hadi aina 13 mwaka 2010. Watafiti waliofuatilia majeruhi wa kung'atwa katika hospitali ya Odense hawakuona tofauti iliyoletwa na sheria hiyo.

Mpaka hapo, wapenzi wa mbwa wanapiga makofi. Wasubiri.

Wajibu wa mfugaji umeshajaribiwa kuwekwa kisheria, na matokeo yake si ya kujivunia kila mahali. Uswisi ilileta mafunzo ya lazima kwa wenye mbwa wapya mwaka 2008, miaka michache baada ya mtoto kuuawa na mbwa njiani akienda shule ya chekechea. Mwaka 2016 bunge la nchi hiyo likayafuta, moja ya sababu ikiwa kwamba tofauti kati ya waliohudhuria na wasiohudhuria ilikuwa ndogo, na wapo wengi waliopuuza tu bila kuguswa. Jimbo la Niedersachsen nchini Ujerumani lilichagua njia kali zaidi. Tangu Julai 2013, anayetaka mbwa kwa mara ya kwanza hufanya mtihani wa maarifa kabla ya kumchukua, kisha wa vitendo ndani ya mwaka wa kwanza. Chipu na bima ya kulipa madhara ni lazima kwa kila mbwa, mkubwa kwa mdogo, na orodha ya aina za mbwa hakuna. Napenda mpangilio huo kwa sababu mtihani unakuja kabla ya mbwa. Mtu asiyeweza kutenga jioni chache kusoma kuhusu mnyama atakayeishi naye miaka kumi na mbili ameshajipima mwenyewe.

Mji unaotajwa zaidi na wapinga marufuku ni Calgary, Kanada. Una leseni kwa kila mbwa, faini zinazouma, maofisa wanaozunguka mitaani, na mapato ya leseni yanayorudi kuendesha huduma yenyewe. Mbwa anayefanya kosa huwekewa masharti yeye na mwenyewe, bila kujali sura yake. Nao ni mfano mzuri kweli. Lakini Juni 2022, katika mji huohuo, bikizee wa miaka 86 aliuawa na mbwa watatu wa jirani. Mfumo bora kuliko yote bado una siku zake mbaya, na anayeutangaza bila kuitaja siku hiyo anawadharau wasikilizaji wake.

Kisa kinachonirudia zaidi, hata hivyo, ni cha Hamburg, Ujerumani, Juni 2000. Mvulana wa miaka sita alikuwa akicheza kwenye uwanja wa shule, mbwa wawili wakaruka ukuta, wakamuua. Ndani ya siku chache mji ulikuwa na kanuni kali dhidi ya aina kadhaa za mbwa, na mwaka uliofuata nchi nzima ikazuia kuingizwa kwa aina nne. Kilichosahaulika katika mshtuko ule ni kwamba mmoja wa mbwa hao alikuwa ameshajulikana kwa mamlaka. Mwenyewe alikuwa ameshaamriwa amtoe kwa kamba na kifunga mdomo. Amri ilikuwepo, imeandikwa, ila hakukuwa na mtu wa kwenda kuangalia kama inafuatwa. Je, hapo palikosekana marufuku? Mimi naona palikosekana ofisa wa kubisha hodi.

Uskoti ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka 2010, inayompa ofisa uwezo wa kumwandikia mwenye mbwa ilani kabla mtu hajajeruhiwa: amfunge kamba, ampeleke mafunzoni, amhasi. Kwenye karatasi ni sheria safi, inaangalia tendo. Kamati ya bunge iliyoichunguza mwaka 2019 ilikuta kwamba haitekelezwi ipasavyo, na wananchi wengi hata hawakujua kwamba ipo. Ndiyo maana wanasiasa huipenda marufuku. Kuitangaza ni hotuba moja na saini moja. Kuajiri maofisa, kuweka daftari la mbwa, kupokea simu za malalamiko saa tano usiku na kuzifuatilia, hiyo ni bajeti ya kila mwaka, na haipigiwi picha.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu, ukiwa mikononi mwa nchi tajiri, huliruka. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na takriban wote huambukizwa na mbwa. Takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi haviulizi urefu wa bega. Vinazuiwa mbwa wakichanjwa kwa asilimia 70, na ili uchanje lazima pawe na mtu anayekubali kwamba mbwa huyu ni wake. Penye mbwa wanaozurura mchana na kurudi kula usiku, kila mmoja ana mwenyewe mpaka siku atakapouma. Akishauma, hana mwenyewe. Kwa watu wa mahali kama hapo, kubishana kuhusu aina za mbwa ni anasa. Wanahitaji daftari kwanza: jina la mbwa, jina la mtu, tarehe ya chanjo.

Wenye marufuku watanijibu kwamba mkorofi hajiandikishi popote. Kweli. Lakini mkorofi huyo hatii marufuku pia. Hubadilisha aina ya mbwa tu. Tofauti ni kwamba palipo na daftari, kutokuwa na leseni ni kosa tosha la kumfikia kabla ya damu kumwagika, na mtu akizuiwa kufuga, anazuiwa mbwa wa kila aina. Zuio la namna hiyo ni kali, nami naliunga mkono bila kigugumizi. Kwa mtu aliyeshaonywa mara mbili, sioni kwa nini apewe nafasi ya tatu na mnyama mwingine.

Denver, Marekani, imeangukia katikati. Ilipiga marufuku pit bull mwaka 1989. Februari 2020 baraza la mji lilipotaka kuiondoa, meya Michael Hancock akakataa kutia saini, kisha Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakaiondoa wenyewe. Sura ya mbwa bado inatazamwa: anayeonekana kuwa pit bull hupewa kibali maalumu, mwenyewe akaandikisha chipu na majina ya watu wawili wa kupigiwa simu ya dharura, na nyumba moja haizidishi wawili. Baada ya hapo, futi inawekwa kando. Miezi 36 ikipita bila kosa, mbwa anahamia kwenye leseni ya kawaida kama mbwa mwingine yeyote. Wapinga marufuku wanasema masharti hayo ni ubaguzi uliopakwa rangi, na kwa mwenye mbwa mpole wana haki ya kulalamika. Mimi ningebadilisha kitu kimoja tu humo: miezi 36 hiyo ningempa kila anayefuga kwa mara ya kwanza, hata kama amemchukua mbwa wa kubebwa kwapani.