Hii gari au kisima?

Mama yangu hakuwahi kuwa na tatizo na umeme wa gari yangu. Tatizo lake lilikuwa kiti. Kila tukifika Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa dada yake, mimi hushuka kwanza, nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma na kumpa mikono miwili. Yeye hutoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akashika ukingo wa mlango, akasema bismillahi, na hapo ndipo kazi huanza. Siku moja, katikati ya kuvutwa, alichoka akarudi kukaa. Akaniangalia.

"Mwanangu, hii gari au kisima?"

Vijana waliokuwa barazani wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi Fuoni lile neno halikunitoka.

Ilikuwa gari ndogo ya umeme, sedani, ya chini. Nilikaa nayo miaka mitatu na kwa mwendo wake sina la kuisema. Asubuhi iliondoka kimya hata paka aliyelala chini yake asiamke, ndiyo maana mpaka leo nina mazoea ya kupiga boneti makofi mawili kabla ya kupanda. ZURA, wale wasimamizi wa nishati Zanzibar, wakitangaza bei mpya za mafuta, nilisikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira ya timu asizozijua.

Mwaka jana, baada ya masika kuisha, niliibadilisha kwa krosova, yaani gari iliyonyanyuka kidogo kuliko sedani, ya umeme vilevile. Tangu siku hiyo, kuanzia msikitini mpaka sokoni Darajani, naulizwa swali moja tu: inakwenda kilomita ngapi? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali linalotuhusu kidogo kuliko yote, sisi watu wa kisiwani.

Piga hesabu mwenyewe. Unguja kwa urefu ni kama kilomita 85. Kutoka Mjini mpaka Nungwi hazifiki 60, na Paje ni kama 50. Mtu akitoka Mjini asubuhi akaenda Nungwi kuhani, akarudi, akapumzika, akaenda Paje kumsalimia mkwewe na kurudi tena, ametembea kama kilomita 220, na hapo amechoka yeye kabla ya betri. Sedani yangu iliyaweza hayo na chaji ikabaki. Hofu ya kuishiwa njiani ni ya watu wa Marekani na Ulaya, wanaoweza kuendesha kilomita 500 kwa siku bila kuiona bahari. Sisi hofu hiyo imetufikia ndani ya meli ileile iliyoleta magari.

Kilichonihamisha ni mambo mawili ambayo hakuna muuzaji aliyenitajia: nafasi iliyopo kati ya gari na ardhi, na magoti ya mama.

Nianze na ardhi. Gari ya umeme ina betri tumboni, imelazwa chini ya sakafu, bapa kama godoro, kutoka viti vya mbele mpaka vya nyuma. Ni mpango mzuri, maana uzito ukiwa chini gari inatulia kwenye kona. Lakini gari ya petroli ikipiga tuta kwa chini, mara nyingi linaloumia ni bomba la moshi, na kwa fundi unatoka na deni dogo. Gari ya umeme kitu chake cha thamani kuliko vyote ndicho kilicho karibu zaidi na jiwe.

Na matuta yetu mnayajua. Lipo tuta la lami lililopimwa, na lipo tuta la wanakijiji, lililomwagwa usiku mmoja baada ya mtoto kugongwa. Hilo halina kipimo ila hasira. Nikiwa peke yangu nilikuwa napita. Tukiwa watano na mzigo kwenye buti, springi zinakaa, na hapo hupiti tena. Unakwenda mshazari, tairi moja baada ya jengine, kama kaa. Mke wangu alikuwa akinyanyua miguu kila tukifikia tuta, kana kwamba inasaidia.

Kabla ya kuiuza niliipeleka gereji ikapandishwa juu. Tukasimama chini yake mimi na fundi, tochi ya simu mkononi. Bamba linaloikinga betri lilikuwa na mstari mrefu mweupe, chokaa ya jiwe la maweni, kutoka mbele mpaka karibu na katikati, na mwisho wa mstari pana kibonyeo cha ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Fundi akapitisha ukucha kwenye mstari, akanusa kidole, sijui alitarajia harufu gani. "Shekhe," akasema, "hapa umepona." Bamba halikutoboka. Lakini mimi niliikumbuka siku yenyewe: njia ya kifusi, jioni, nikasikia kitu kinakwaruza chini kwa muda mrefu, nikaongeza sauti ya redio.

Sasa hiyo krosova ni kitu gani? Watengenezaji wana maneno mengi, lakini mara nyingi ni sedani ileile iliyonyanyuliwa na kuvimbishwa mgongo. Tesla walikuwa na Model 3, na Model Y waliyoanza kuitoa 2020 inachangia nayo vipande vingi. Ya kwanza ina nafasi ya kama sentimita 14 kutoka chini, ya pili karibu 17. Sentimita tatu, unene wa vidole viwili. Ukimwambia mtu umeongeza mamilioni kwa ajili ya vidole viwili atakuombea dua. Nami namwambia aje tupite pamoja kwenye tuta la kijiji, gari imejaa, halafu aseme.

Vidole hivyo si vya bure. Hyundai wana sedani, Ioniq 6, na krosova, Ioniq 5, zimejengwa juu ya mifupa mimoja. Kwa betri ileile ya uniti 77 (ndiyo, uniti hizihizi tunazonunua kwenye Tukuza, mita zetu za umeme wa kulipia kwanza), kipimo cha Ulaya kiliipa sedani kilomita 614 na krosova 507. Mwizi wa zile mia moja na kitu kwa sehemu kubwa ni upepo. Gari ya kimo kirefu inaupiga kwa kifua, ya chini inajipenyeza. Na upepo una tabia yake: ukizidisha mwendo mara mbili, unakukaba mara nne. Kwa hiyo anayeumia ni yule anayekwenda 120 kwa saa, saa tatu mfululizo. Hapa kwetu 120 utaipatia wapi? Ukikaribia 70 kuna ng'ombe, ukifika 75 kuna daladala imesimama katikati ya njia inashusha gunia la mkaa. Sedani ilikuwa inanilia kama uniti 14 kwa kilomita 100, krosova inakula 17. Hizo tatu nazitoa kwa moyo mweupe.

Kuchaji hakukubadilika. Nachomeka nyumbani, soketi ya kawaida ya pini tatu, inaingiza kama uniti mbili kwa saa. Nikichomeka baada ya isha, mpaka alfajiri zimeingia kama 20, nazo zinatosha kwenda Makunduchi na kurudi. Ila nyumba zetu nyingi zimetiwa waya kwa hesabu ya taa, feni na friji, si mzigo wa saa kumi bila kupumzika. Soketi yangu ya kwanza iliyeyuka pembeni, nikaamshwa na harufu kama ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko. Mwite fundi umeme kabla hujaiagiza gari.

Sasa magoti. Julai tulikwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko, safari yetu ya kwanza ya ukoo mzima na gari mpya. Nyuma alikaa mama, dada yangu, na katikati mwanawe wa miaka tisa. Kwenye sedani paa lilikuwa linateremka nyuma, mtoto mrefu akikaa shingo upande kama kuku anayesikiliza. Humu alikaa wima, akalala, akaamka Kitogani akiuliza kama tumefika. Tulipofika nikashuka, nikazunguka kama kawaida yangu, mikono tayari. Mlango ulikuwa wazi na kiti kitupu. Mama alikuwa ameshafika kizingitini kwa dada yake, anavua viatu. Kiti cha krosova kiko usawa wa nyonga yake. Hazami wala hapandi, anakaa na kunyanyuka kama anavyofanya barazani kwake. Hakusema neno lolote. Mama yangu akisema gari mbaya anasema kwa mfano; ikiwa nzuri hasemi.

Kurudi tulipewa mapakacha mawili ya nazi, madafu na kapu la pweza mkavu. Mwenye sedani anaijua adha ya pakacha. Buti inaweza kuwa kubwa ndani, lakini mdomo wake mwembamba, basi unalilaza pakacha, makuti yanakatika, nazi moja inabiringika mpaka pembe ya ndani kabisa na utaisikia inagonga kila kona hadi nyumbani. Mlango wa nyuma wa krosova unafunguka wote kwenda juu. Pakacha linaingia limesimama na linatoka limesimama.

Nayo ina yake, tena mengi. Ni nzito, na matairi yake ni mapana na ghali. Sikuyaulizia bei kabla, nikajua siku nilipochomwa na msumari. Kuegesha Darajani ambako sedani ilikuwa ikijipachika popote, sasa ni kuzunguka mara tatu na kuomba Mungu. Karibu na Mji Mkongwe siku hizi naiacha mbali na kutembea kwa miguu, jambo ambalo daktari angelifurahia kama angeniona. Na watu wasidanganyike na kile kimo. Krosova nyingi za umeme zinavuta kwa matairi mawili tu. Ina umbo la gari ya shamba, lakini roho yake ya mjini. Ukiiteremsha pwani maji yakitoka ili upige picha, mchanga utakushika na maji yatakurudia, na chumvi itakuwa imeshaingia chini ambako huioni.

Mama aliuliza swali moja tu la betri, nalo lilikuwa zito kuliko yote ya msikitini. "Na umeme ukienda miezi mitatu?" Aliyekuwepo hapa haulizi hivyo kwa mzaha. Mwaka 2008 Unguja ilikaa kama mwezi mzima bila umeme wa Bara, halafu kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Umeme wetu unapita chini ya bahari na kupokelewa Fumba, na wakati ule njia ilikuwa moja. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013 kwa fedha za Marekani. (Wenzetu Pemba wana wao, unaotoka Tanga, tangu 2010.) Nikamjibu mama kwamba petroli nayo inavuka bahari, na pampu ya kituo cha mafuta nayo inataka umeme. Akasema, "Haya," kwa ile sauti ya kwamba hajakubali.

Jibu lenyewe lilikuja lenyewe. Usiku mmoja umeme ulikatika saa nane, na friza ilikuwa imejaa samaki wa hitima. Gari hii ina soketi ya kutoa umeme nje. Nikavuta waya wa nyongeza kupitia dirishani, nikaunga friza na feni ya chumbani kwa mama. Asubuhi uliporudi, gari ilikuwa imepungua uniti mbili katika 60 na ushei. Mama alitoka uani, akaufuata ule waya kwa macho kutoka dirishani mpaka kwenye gari, akauliza kama na birika linaweza. Tukanywa chai ya gari.

Simwambii kila mtu anunue hii. Nyumba ya watu watatu, wazima wa miguu, ambao safari zao ni lami ya Mjini mpaka Tunguu na kurudi, sedani inawatosha na pesa inabaki. Gari kubwa inayobeba mtu mmoja na begi la kompyuta ni fahari tu, na fahari inalipiwa kwa matairi.

Ile sedani ilikuja kuangaliwa na kijana mmoja, mwalimu wa skuli, mwenye miaka thelathini hivi. Nilimwonyesha ule mstari mweupe kwenye picha kabla hajauliza, maana sikutaka dhambi. Akaangalia, akatikisa kichwa, akauliza lile swali la kila mtu: inakwenda kilomita ngapi? Nikamjibu. Halafu nikamuuliza mama yake ana umri gani.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akafungua mlango wa nyuma, akakaa, akajaribu kunyanyuka bila kushika kitu.