Fulana ya Marehemu Isiwe Tambara la Mlangoni

Nilikwenda kuwajulia hali jamaa zetu hapa Ngamiani, Tanga, arobaini imepita juzi tu, nikakuta mlangoni pametandikwa fulana ya Mei Mosi ya marehemu, watu wanafutia miguu. Maandishi bado yanasomeka: mwaka, kauli mbiu, ofisi aliyofanyia kazi. Chai ilinishinda. Shangazi mwenye nyumba hakukusudia ubaya. Nguo nzima zimeshatolewa sadaka, akaniambia, hizi kuukuu nani azivae?

Ameuliza vizuri. Lakini nguo isiyovalika haijawa tambara kwa sababu hiyo. Zikatwe, zishonwe ziwe shuka moja la viraka, likae katika familia.

Hebu wazeni fulana za mzee wa kawaida wa Tanga. Ana za Mei Mosi, mwaka kwa mwaka. Ana ya SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa serikali, alipokwenda kuvuta kamba na wenzake wa ofisini. Ana jezi ya Coastal Union iliyopauka, maana huyu alikuwa kijana timu hiyo, Wagosi wa Kaya, ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, na habari hiyo hakuacha kuisimulia hadi anaugua. Ana ya mahafali ya bintiye wa kwanza. Ana ya msiba wa kaka yake, picha imechapwa kifuani. Mzee huyu hakuandika kitabu cha maisha yake, na hakuna atakayemwandikia. Picha za karatasi zimeliwa na unyevu wa bahari, za simu zimepotea na simu. Zilizobaki kusema alikuwa wapi, mwaka gani, na nani, ni hizo fulana. Zipange kwa miaka, utamwona anaajiriwa, anazaa, anazika, anastaafu. Mjukuu aliyezaliwa baada yake atauliza, "Babu alikuwa anavuta kamba?" na mtu mzima atalazimika kukaa chini amsimulie. Ndiyo maana naumia nikiona mwaka mzima wa maisha ya mtu unakanyagwa kwa malapa yenye tope.

Na doa msilikwepe. Kama ana fulana yenye rangi ya siku alipopaka ukuta wa nyumba hii mnayokaa, kiraka kikatwe palepale penye rangi.

Najua wazee wataleta suala la sadaka na mirathi. Kwa hili nanyamaza kidogo, maana wana haki. Kanzu, mashati, suruali, viatu, vyote vyenye kumfaa mwenye shida vitolewe. Fulana nazo ni mali ya warithi, kwa hiyo waulizwe wote kabla mkasi haujagusa kitu, hata yule aliyeko Dar asiyepokea simu. Ila ile iliyotoboka kwapani, ambayo hata ukimpa mtu unamdhalilisha, sioni inamnyima nani sadaka ikishonwa.

Wanaosema shuka hilo litafufua majonzi kila siku, majonzi yapo hata mkichoma nguo zote. Wanaosema ni mambo ya Wamarekani, ni kweli kwao desturi hii imeenea. Oktoba 1987 walitandaza pale Washington vipande 1,920 vilivyoshonwa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila kimoja futi 3 kwa 6, karibu ukubwa wa kaburi. Nasi tumezika kwa ugonjwa huohuo. Sioni aibu kujifunza kwao.

Sasa fundi. Fundi wengi watakwambia fulana haishonwi viraka, inavutika, itapinda. Ni kweli inavutika, kwa kuwa imefumwa kwa vitanzi kama sweta, si kwa nyuzi zilizopishana kama khanga au shati. Dawa yake wanayo wenyewe dukani: gamu, kile kitambaa cha kubandika kwa pasi. Iwe laini, ya blauzi, si ile ngumu ya kola. Fulana ifuliwe kwanza, ikatwe kwa upana, gamu ibandikwe kwa ndani, ndipo kipimo halisi kikatwe. Ukitanguliza kipimo, kitaharibika. Pasi isiguse picha iliyochapwa, itayeyuka. Weka kitambaa juu yake. Sindano iwe ya ncha butu, ya kushonea jezi, ile ya kawaida hutoboa nyuzi.

Kwa chini tumieni khanga ya mkewe, na hapa hesabu inakaa vizuri. Kata viraka 12 vya sentimita 36 kila upande, acha sentimita moja ya mshono kila ukingo, panga vitatu kwa vinne. Utapata kama sentimita 102 kwa 136. Khanga moja ni karibu 110 kwa 150, kwa hiyo inabaki ya kukunjia juu kuwa upindo pande zote nne. Iwe iliyokwishafuliwa sana, maana mpya hutoa rangi na kusinyaa. Jina la khanga lisifichwe kwenye mshono, mama alilichagua.

Katikati, kwa joto la Tanga mjini, msiweke kitu. Walioko Lushoto watie blanketi jepesi. Sufi hapana, ikifuliwa inajikusanya mabonge. Kisha pitisha uzi imara kwenye pembe za viraka, ufunge fundo, matabaka yashikane.

Na mkishamaliza, lisifungiwe sandukuni na nondo. Watoto walilalie. Likichafuka lifuliwe kwa mkono, kwa sabuni ya mche, likaanikwe kivulini khanga ikiwa juu, jua lisile maandishi.