Nani anaamua mambo ya Dar es Salaam nzima?

Mkazi wa Mbagala akiulizwa anaishi jiji gani atajibu Dar es Salaam, na hakuna atakayemsahihisha. Alfajiri anadandia daladala kwenda Kariakoo, mtoto wake anasoma Ubungo, mgonjwa wake amelazwa Muhimbili na msiba wa shangazi yake uko Tegeta. Hata hivyo, kwa mpangilio wa serikali za mitaa ulioanza Februari 2021, mtu huyu si mkazi wa Jiji la Dar es Salaam. Ni mkazi wa Manispaa ya Temeke, na jina la jiji amebaki nalo jirani yake wa Ilala.

Wengi wanakumbuka ilivyokuwa. Februari 24, 2021, Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokaa juu ya manispaa tano, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji. Maoni mengi niliyoyasikia wakati ule yalikuwa ya kuridhika, na tangu hapo anayeuhoji uamuzi huo huonekana kama mtu anayelilia posho zilizokatwa. Naamini watu hao hawajasikilizwa vya kutosha, lakini haki inadai tuanze na waliounga mkono, kwa sababu walikuwa na hoja.

Walisema halmashauri ile haikuwa na eneo lake. Kila kata na kila mtaa ulikuwa tayari chini ya manispaa fulani. Madiwani wa Jiji walikuwa ni wale wale wa manispaa, waliochaguliwa na wenzao kwenda kukaa kikao cha pili na kulipwa posho ya pili, huku manispaa zikitakiwa kuchangia gharama za chombo hicho. Mwananchi aliyefuatilia mtaro ulioziba aliweza kutumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, kila moja ikidai kwamba mtaro huo ni wa mwenzake. Tena baraza lenyewe lilitumia nguvu nyingi katika kugombania kiti. Uchaguzi wa meya baada ya uchaguzi mkuu wa 2015 uliahirishwa mara kadhaa, Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa Machi 2016, kisha Januari 2020 akaondolewa kwa kura ambayo yeye na chama chake waliipinga. Mlipa ushuru aliyeyatazama yote hayo alikuwa na sababu ya kuuliza anafaidika nini.

Wapo wanaodai kwamba shabaha ilikuwa kuzima upinzani. Sioni kama maelezo hayo yanatosha. Kufikia Februari 2021, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, chama tawala kilikuwa na karibu viti vyote vya udiwani katika manispaa zote tano, kwa hiyo hapakuwa na meya wa upinzani wa kuondolewa. Ni salama zaidi kuuchukua uamuzi huu kama ulivyotolewa: kwamba chombo hiki kilionekana ni gharama isiyo na kazi. Hapo ndipo penye kosa, na kosa lenyewe ni la hesabu kabla halijawa la siasa.

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ilala, ambayo ndiyo Jiji kisheria, ilikuwa na watu 1,649,912. Temeke ilikuwa na 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Ukitoa Ilala kwenye jumla unabaki na watu 3,733,816, yaani karibu watu 7 katika kila 10 ambao kila mtu huwaita wakazi wa jiji lakini hawamo ndani yake. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu inaonyesha jambo ambalo hoja ya “haina eneo” inalificha. Ni kweli kwamba halmashauri iliyovunjwa haikuwa na kata iliyo yake peke yake, lakini eneo ilikuwa nalo: watu wote hao zaidi ya milioni tano. Ilikuwa meza pekee ambapo mwakilishi aliyepigiwa kura Kigamboni alikaa na aliyepigiwa kura Ubungo, wakaamua kitu kinachowahusu wote wawili kwa mamlaka ya sheria. Meza hiyo ilipoondolewa, mambo yanayowahusu wote wawili hayakuondoka nayo.

Taka ni mfano ulio wazi. Nimewahi kusimama asubuhi moja kando ya barabara inayoingia dampo la Pugu Kinyamwezi. Malori yalikuwa yamejipanga, turubai zao zimechanika, na chini ya kila lori palikuwa na mstari wa maji meusi uliofuata tairi tangu lami hadi kwenye vumbi. Ubavuni mwa malori ungeweza kusoma asili ya mzigo: hili la manispaa hii, lile la ile, na mengi ya wazabuni wanaofanya kazi popote. Vijana wenye vyuma vilivyopindwa mfano wa ndoana walisubiri lori lishushe ili wawahi chupa. Mama mmoja aliyeuza chai na chapati pale alifunika sufuria yake kila mara lori lilipopita, kwa mkono uliokwisha kuzoea, bila hata kukatiza maongezi. Sehemu kubwa ya taka zinazokusanywa mkoani huishia hapo. Zamani dampo hilo lilikuwa jukumu la Jiji lile la juu, ambalo ndani yake manispaa zote zilikuwa na wajumbe. Leo liko chini ya Jiji jipya, ambalo ni Ilala. Mtu wa Sinza anazalisha taka, manispaa yake inazipeleka, na hana diwani hata mmoja katika baraza linaloamua dampo hilo liendeshwe vipi. Mtu wa Pugu anavuta moshi wake, na hana diwani hata mmoja katika mabaraza manne yanayomletea mzigo.

Ilivyo muhimu kuwa na chombo kimoja cha kuulizwa, wakazi wa jiji hili walishaonyesha zamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki halmashauri ya Jiji juu ya dampo lililokuwa likiwatesa kwa moshi na uvundo, na mahakama ikakubaliana nao. Jiji lilipojaribu kuhamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, na wakashinda. Kesi hizo hutajwa hadi leo panapozungumzwa haki ya kuishi na haki ya mazingira safi nchini. Kwangu zina funzo jingine pia. Mdaiwa alikuwa mmoja, na amri ya mahakama ilikuwa na pa kwenda: Jiji litafute mahali panapofaa kwa taka za jiji. Amri ya namna hiyo ingetolewa leo, ingemfunga nani?

Mto Msimbazi nao haujui mipaka ya manispaa. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unaingia Ilala, unapokea maji ya mito ya Ubungo na Sinza, unapita Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Salender. Mchanga unaochimbwa juu hudhoofisha kingo za mto, na tope huteremka na kujaza mkondo chini. Nyumba iliyopewa kibali upande huu wa bonde husukuma maji upande ule. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa makazi ya mabondeni, na familia nyingi zikapelekwa kuanza upya Mabwepande, kwenye viunga vya kaskazini vya jiji.

Mradi wa kuendeleza bonde hilo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ni kazi kubwa inayostahili kusifiwa, na daraja jipya la Jangwani limesubiriwa kwa hamu na kila aliyewahi kukwama Magomeni mvua ikinyesha. Lakini mradi ni wa TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na siku moja utakwisha. Vibali vya ujenzi, sheria ndogo za taka, usimamizi wa wachimba mchanga na usafi wa mitaro ni kazi za kila siku za halmashauri, kila moja na baraza lake, kila moja na bajeti yake. Daraja linaweza kujengwa juu kuliko lile la zamani, na bado likazibwa na chupa zilizotupwa katika manispaa ambayo daraja hilo haliihusu.

Anayeutetea uamuzi wa 2021 atanijibu hapa kwamba Mkuu wa Mkoa yupo, na kuna Kamati ya Ushauri ya Mkoa ambamo mameya na wakurugenzi huketi. Ni jibu zuri, na sitaki kulipita haraka. Uratibu wa mkoa unaweza kufanya kwa wiki moja kazi ambayo baraza lingeijadili mwaka mzima. Tuliona mwaka 2021, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza wamachinga wapangwe upya. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, aliisimamia kazi hiyo katika wilaya zote, na ilipofika mwishoni mwa Oktoba njia za waenda kwa miguu zilizokuwa zimefungwa kwa miaka zilipitika. Hilo lilikuwa na faida yake, hasa kwa mlemavu na mwenye duka.

Hata hivyo, jina la kamati hiyo linajieleza. Inashauri. Haitungi sheria ndogo, haipitishi bajeti, na mwenyekiti wake hakuchaguliwa na mkazi yeyote wa Dar es Salaam. Muuza mitumba aliyeondolewa Kariakoo na kuelekezwa eneo lililo mbali na wateja wake hakuwa na diwani wa kumwambia kwamba hapo hapauziki, kwa sababu diwani wake hakuwa sehemu ya uamuzi. Diwani naye alipokea maelekezo kama yeye. Baadhi ya wamachinga walirudi barabarani kidogo kidogo, na sidhani kama ni kwa ukaidi. Uamuzi ambao mtu hakushirikishwa huwa haumshiki. Ibara ya 146 ya Katiba inasema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na katika mambo ya jiji zima madaraka yamekwenda njia ya kupanda.

Wala hayakuanza kupanda 2021. Kodi ya majengo ilipelekwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mwaka 2016, barabara zikapelekwa TARURA mwaka 2017. Chombo kilichoonekana hakina kazi kilikuwa miongoni mwa mamlaka zilizopunguziwa uwezo mwaka hadi mwaka. Pamoja na hayo, stendi kuu ya mabasi ya Mbezi Luis, iliyozinduliwa siku ile ile ya Februari 24, 2021, ilikuwa mradi wa Halmashauri ya Jiji, uliojengwa kwa ajili ya abiria wa manispaa zote tano.

Nakiri kwamba historia haimpi ushindi wa moja kwa moja mtetezi wa mabaraza. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza la Jiji lililokuwa limeshindwa kazi, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikafanya mambo ambayo madiwani hawakuyaweza, uzoaji wa taka ukiwa mojawapo. Lakini Tume ilikuwa na mwisho wake. Mwaka 2000 iliondoka, zikabaki manispaa tatu za wakati huo pamoja na halmashauri ya Jiji juu yao, kwa sababu ilieleweka kwamba vyote viwili vinahitajika: baraza lililo karibu na mtaa, na baraza linaloona jiji lote. Uamuzi wa 2021 uliondoa la pili bila kusema litarejea lini wala kwa sura gani.

Mombasa wamekwenda njia nyingine. Tangu 2013 mji wote ni kaunti moja yenye gavana mmoja na bunge la wadi 30, kwa watu 1,208,333 waliohesabiwa mwaka 2019. Magomvi wanayo, na taka zimewashinda mara nyingi kama zinavyotushinda sisi. Ila mtu wa Likoni na mtu wa Nyali, wakikasirika, wanajua ni nani wa kumnyima kura.

Sitaki kurudishiwa halmashauri ile kama ilivyokuwa, na jengo lake, na magari yake, na posho zake mbili. Baraza dogo lingetosha: mameya watano na madiwani wawili kutoka kila halmashauri, wakikutana mara nne kwa mwaka bila kuajiri watumishi wapya, wenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo juu ya mambo machache yasiyo na mpaka, yaani taka, mabonde ya mito na maeneo ya biashara ndogo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mafuriko ya siku moja pale Jangwani.

Jambo la kwanza mezani lingekuwa dampo, kwa maana Pugu Kinyamwezi haliwezi kupokea mzigo wa mkoa unaokua hivi milele. Pakihitajika pengine, mahali hapo patakuwa kwenye kata fulani ya pembezoni, yenye shule yake, visima vyake na mama wa chai wake. Kwa sasa hakuna kikao ambamo diwani wa kata hiyo anaweza kumtazama usoni diwani wa Msasani, wakiwa na kura sawa, akamuuliza kwa nini iwe kwake.