Siku Antaktika Ilipovuka Mpaka Busia

Sisi tuliokulia Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, hatubabaishwi na mipaka. Lakini ule wa Antaktika ulinitoa jasho mbele za watu.

Siku ya maonyesho ya shule niliwaahidi watoto wa praimari sita kwamba nitawaletea bara zima la kusini pale uani. Nikaunda fremu ya mbao, mita 1.2 kila upande, nikatandika turubai na kumwaga jerikeni saba za maji. Hizo ni lita 140, kina cha sentimita kumi hivi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo nilihitaji kilo 4.9. Mwenye duka akaniangalia: "Mwalimu, mnakausha ngozi za ng'ombe wangapi?"

Kipimo: sentimita moja kwa kilomita 100. Ncha ya Kusini nikaiweka katikati, nikazungusha uzi mwekundu sentimita 33 kutoka hapo. Huo ni mstari wa nyuzi 60 kusini, ambako Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959 huanza kushika, na wengi huuhesabu pia kuwa mpaka wa Bahari ya Kusini. Nje yake nikaweka uzi wa kijani, nikiupindapinda makusudi, kwa sababu unaonyesha mahali ambapo maji ya baridi kali kutoka kusini hukutana na yale yenye joto kidogo na kuzama chini yake. Mpaka wa namna hiyo haunyooki wala hautulii. Ncha ya Amerika Kusini niliifinyanga kwa udongo wa kichuguu, ikabaki nafasi ya sentimita nane kwa ajili ya Mlango wa Drake, ile bahari iliyo kati yake na Antaktika. Afrika yetu ilikosa kuingia kwa sentimita moja tu. Iliniuma.

Barafu ilitoka kwa wauza samaki wa Majanji, ikaja kwa boda boda ndani ya gunia la maranda. Nikaikata kwa msumeno, unene sentimita nane, na rasi yake ndefu ikichungulia Amerika. Ilipendeza kweli.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wazazi walipofika, nikakohoa kidogo. "Waheshimiwa, huku kuna mkondo usiozuiwa na nchi kavu popote. Unalizunguka bara kutoka magharibi kwenda mashariki." Nikachukua mwiko wa posho, nikakoroga kufuata mshale wa saa, kama inavyotakiwa ukitazama kutoka juu ya ncha.

Mkondo ukaenda. Bara nalo likaenda.

Kosa lilikuwa la kijinga. Antaktika ni nchi kavu, mwamba uliobebeshwa barafu ya wastani wa kama kilomita mbili. Barafu tupu inayoelea juu ya bahari ni ya ncha ya kaskazini. Ilinipasa kwanza nijenge kilima cha udongo katikati, ndipo niikalishe barafu juu yake. Mimi niliitumbukiza majini hivihivi, na chumvi yangu ya kilo 4.9 ikazidi kuinyanyua.

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, "limevuka uzi mwekundu. Lina kibali?"

Wazazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikajaribu kulituliza kwa mwiko, likageuka ubavu na kuipiga Amerika Kusini. Rasi ikakatika: pa! Ikaelea pembeni kama siwabarafu halisi, nikaona bora nijifanye kwamba ndilo somo lililofuata.

Nilipogeuka kuionyesha, haikuwepo. Askari wa geti, mzee wa watu, aliona barafu inaharibika bure juani, akaitia kwenye soda yake. Akapiga funda moja, akatema mbali, kisha akatoa gamba la samaki ulimini.

"Mwalimu, kumbe huko Antaktika kuna ngege?"

"Hakuna, mzee. Wangekufa kwa baridi. Ila wako samaki ambao damu yao haina rangi kabisa, kama maji."

Akaitazama glasi yake kwa muda.

"Na hao wanauzwaje kwa kilo?"