Ndege AMEchelewa, sio IMEchelewa

Nimechoka kuulizwa naenda wapi. Mtu ananikuta asubuhi na begi mgongoni, buti miguuni, jaketi juu ya jaketi, namwambia kwa heshima zote naenda kuona ndege, hapo hapo anauliza "Inaondoka saa ngapi?" Haiondoki popote bwana, ANAondoka, tena anaondoka dakika moja kabla sijafika, hiyo ndo shida yenyewe. Juzi nimemtumia mke wangu meseji "nimekwama huku, ndege amechelewa", akanijibu "poleni sana, wamewapa hoteli?" Hoteli! Nimelala kifudifudi kwenye majani yenye barafu nasubiri bata, yeye ananiulizia hoteli.

Ngoja nieleze hii kitu vizuri maana najua mnaniona mwendawazimu. Kuna watu kazi yao, tena sio kazi maana hawalipwi, niseme hasara yao, ni kuzunguka mashambani na darubini kutafuta ndege wa porini, na kila aina wanayoiona wanaiandika kwenye orodha ya mwaka. Tarehe 1 Januari unaanza na sifuri. Tarehe 31 Desemba saa sita usiku orodha inafungwa, hata uwe na aina 300 unarudi sifuri na wenzako. Hamna zawadi. Hamna cheti. Na ndege lazima awe mzima, wa porini, yuko huru, kwa hiyo kasuku wa jirani kwenye tundu hahesabiwi, msiniulize nimejuaje.

Aliyenitia humu ni mzee mmoja tunamwita Mzee Lenzi. Aliniambia "mwanangu njoo siku moja tu upate hewa safi". Hewa safi nimepata kweli, imeingia mpaka kwenye uboho.

Nikamuuliza, sawa mzee wangu, lakini kwa nini wakati wa baridi? Akaniambia wakati huu miti imepukutisha majani kwa hiyo ndege hana pa kujificha, halafu kuna mabata na mabata bukini wanashuka kutoka kaskazini kabisa huko Aktiki, na jua linachelewa kuchomoza kwa hiyo huna haja ya kuamka usiku wa manane. Maneno matamu hayo, nikaingia mzima mzima. Alichosahau kuniambia ni kwamba ndege wenye akili wameshaondoka. Mbayuwayu huyo, kiumbe wa gramu 20 hivi, ubaridi ukianza tu anafunga virago, anavuka Sahara, huyo Afrika anaota jua. Korongo mweupe naye hivyo hivyo. Yaani tuliobaki huku ni wale waliokosa nauli.

Sasa sikia habari ya kunguru. Tarehe 1 Januari, bado giza, nimesimama dirishani na darubini moyo unadunda, namsubiri KUNGURU. Ndege ambaye akitua uani tunamrushia kandambili! Lakini siku hiyo orodha iko tupu kwa hiyo yeye ndo namba moja, akitokea nashangilia kama mgeni aliyetoka ng'ambo, naandika jina lake kwa mwandiko mzuri, saa, dakika, upepo unatoka wapi. Tarehe 2 anatua pale pale, wala simwangalii. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, mi hata hiyo ya tatu sikufika. Na kunguru anajua, niaminini. Watafiti walishawahi kuvaa vinyago na kuwakamata kunguru, baadae wakikatiza na vile vile vinyago wanazomewa na kunguru wa eneo zima, kwa hiyo yule ndege sura anaikumbuka. Wangu anakaa juu ya uzio ananiangalia kwa jicho moja, kama mtu aliyekukopesha hela akakukuta unanunua viatu.

Basi, tuje kwenye mavazi. Kwenye baridi ile unavaa nguo za ndani ndefu, juu yake suruali ya sufu, juu yake suruali ya kawaida, juu yake suruali ya mvua, glavu mbili mbili, na darubini shingoni. Na chupa ya chai, maana mzee alisema chai ni muhimu. Hakuna anayekwambia chai hiyo inakwenda wapi. Saa tatu asubuhi niko katikati ya shamba nimebanwa, nikawaambia wenzangu tangulieni nakuja, nikaingia nyuma ya kichaka. Kuvua glavu dakika moja. Vidole havina hisia, zipu ya kwanza naipapasa kama natafuta swichi kwenye nyumba ya watu. Zipu ya pili imeshika kamba ya darubini, nikivuta zipu darubini inanipiga kidevuni, nikiachia naanza upya. Niko hapo katikati ya mambo, mikono yote miwili ina kazi, nasikia kule mbele "Kigong'ota! Kigong'ota huyooo, juu ya mti mkavu!" Halafu nasikia na mwenyewe anagonga, ko-ko-ko-ko-ko, hatua kama ishirini kutoka nilipo. Mwaka mzima sijamwona huyo ndege. Nimesimama vile vile, siwezi kwenda mbele siwezi kurudi nyuma, na mambo yenyewe yamesimama katikati kwa mshtuko.

Nilipotoka alishaondoka, wenzangu wanaoneshana picha. Mzee Lenzi akanishika bega, akasema usijali, wengi tunamhesabu hata aliyesikika tu, ilimradi una uhakika ni yeye. Nikamwandika, ndo namba 43. Lakini kila nikipitia ile orodha nikifika 43 naona aibu, najua nilikuwa katika hali gani.

Darubini nayo. Imeandikwa 8x42, maana yake inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Haijaandikwa popote kwamba ukipumua karibu yake inapata ukungu, na mimi jamani lazima nipumue. Unafuta, unaweka machoni, tawi tupu. Na simu iliyokuwa na chaji asilimia 60, ukiitoa kwenye baridi upige picha inazima papo hapo. Ukikutana na watu wengine njiani ndo wanakumaliza kabisa, wote wana sentensi moja, "ungekuja jana". Jana! Hata siku moja sijawahi kufika mahali nikaambiwa bahati yako umekuja leo.

Tena kuna shakwe. Mi nilidhani shakwe ni shakwe, ndege mweupe wa baharini, andika moja twende. Kumbe wako aina chungu nzima, na wale wakubwa wanachukua kama miaka 4 mpaka wapate manyoya ya utu uzima, na kila mwaka wanabadilisha nguo, mwaka wa kwanza kahawia, wa pili kahawia yenye viraka, wa tatu hata wenyewe sidhani kama wanajuana. Siku hiyo tumesimama kwenye upepo saa nzima watu wazima wanabishana huyu ana miaka miwili au mitatu, angalia mdomo, hapana angalia mguu. Namuangalia shakwe mwenyewe, anakula plastiki.

Kinachoniuma zaidi ni wale wadogo. Kuna kandege kana mstari wa dhahabu kichwani, uzito wake gramu 5 au 6, ukikaweka kiganjani huwezi kujua kama una kitu. Hako kanakesha nje kwenye barafu. Mzee Lenzi ananieleza kwamba ndege wadogo hivi usiku mmoja tu wa baridi wanaweza kuunguza mafuta hadi sehemu ya kumi ya uzito wao, kwa hiyo kukicha ni kula, kula, kula mpaka jua lizame, wakikosa siku moja wamekwisha. Na bata anayesimama kwenye barafu miguu mitupu, damu ya moto inayoshuka mguuni inapishana na ya baridi inayopanda, inaipasha njiani, ndo maana joto halimponyoki. Nikapiga hesabu. Mimi nina kilo 94. Sehemu ya kumi ni kilo 9 na ushee, kwa usiku mmoja. Nimekesha nje kwenye kibanda cha kuangalilia ndege, nimerudi nimejipima, nimeongezeka nusu kilo. Zile chai.

Na ukilalamika umechoka, Mzee Lenzi ana jibu lake. Anakuletea yule kinda wa mwaka 2022, ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu, miezi 5 tangu aanguliwe, wamemfunga kifaa cha setilaiti, katoka Alaska kaenda mpaka Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 hajatua hata kupumzisha bawa. "Na wewe mwanangu umetembea kilomita tatu." Sasa mzee wangu, yule ndege nani alimlazimisha? Na yeye hakubeba chupa ya chai.

Akishamaliza hiyo anaingia ya Marekani, kwamba zamani Krismasi watu walikuwa wanatoka makundi makundi na bunduki, wanashindana nani ataua ndege na wanyama wengi, mpaka mwaka 1900 bwana mmoja Frank Chapman akasema jamani mwaka huu tusiwaue, tuwahesabu. Wakatoka watu 27. Leo wanatoka maelfu kwa maelfu, kila mwaka. Hadithi nzuri, ndege walipona, nashukuru. Lakini hao 27 mkononi mwangu siku moja tu, niwaulize walikuwa wanawaza nini.

Nikataka kuacha, kweli. Halafu nikaja kusikia habari za Mholanzi mmoja, Arjan Dwarshuis, mwaka 2016 alizunguka dunia akaona aina zaidi ya 6,800 kwa mwaka mmoja, na aina zote duniani ni kama 11,000. Mwaka uliotangulia Mmarekani Noah Strycker alikuwa ameona 6,042, akajua kamaliza, hata mwaka haujapita kapitwa. Nikasema mimi siombi makubwa. Mia moja. Mia moja tu nife nayo.

Desemba nzima nimekimbiza mia. Nimekosa harusi. Mke wangu akaanza kuniita "mgeni", asubuhi ananisalimia kwa jina kamili na la ukoo. Kumbe wahenga walishaniambia usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wenyewe ukipita unapita kwa mabawa. Tarehe 31 nina 99. Mchana kutwa tumezunguka na Mzee Lenzi hamna kitu, upepo tu, jua linazama, tunarudi kwenye gari, na juu ya nguzo ya uzio kakaa bundi. Mchana mweupe wa jioni, kakaa tu. Akageuza kichwa akatuangalia wote wawili, taratibu, kama mwalimu wa zamu anayewajua waliochelewa, akafungua mabawa akaondoka bila sauti, yaani bawa lile halisikiki hata kidogo. Mia! Nilimkumbatia mzee mpaka darubini zetu zikagongana.

Mzee akasema hebu lete daftari nilione. Nikampa kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akawasha taa ya gari, anashuka na kidole polepole, anatikisa kichwa kwa kuridhika, vizuri, vizuri, akafika namba 17 akasimama.

"Hapa umeandika bata kichwa kijani."

"Ndio mzee."

"Na hapa namba 18, bata kahawia."

"Ndio, walikuwa wanaogelea pamoja."

Akavua miwani. "Mwanangu, hawa ni mume na mke."

Mwaka mzima. Januari mpaka Desemba nimebeba ndoa ya watu kwenye daftari kama aina mbili. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama hakuna wataalamu waliowahi kuwatenganisha, akasema hapana, dume ndo huyo anang'aa, jike ndo huyo kahawia, watoto wanajua. 99. Nje kumeshakuwa giza, saa kumi na mbili jioni, ndege wote wamelala. Kurudi nyumbani ni saa nzima, njia nzima hakuna aliyeongea, yeye alikuwa anapiga mluzi lakini.

Nikalala saa mbili usiku, watu wanasubiri mwaka mpya mi nimejifunika shuka mpaka kichwani. Nikasema basi, imekwisha, darubini nauza.

Saa kumi na moja alfajiri niko dirishani.

Giza. Sifuri. Kukapambazuka, uzio mtupu. Saa moja, uzio mtupu. Saa moja na nusu kunguru akaja, mzee mzima, akatua sehemu yake ile ile, akanitazama, akageuka akanipa mgongo. Mgongo nao unahesabiwa. Natafuta kalamu polepole nisimshtue, nasikia nyuma yangu ndara zinakuja.

"Baba Neema, huyo si ndo yule yule wa mwaka jana?"

"Mama Neema, shusha sauti, utamkimbiza."