Programu za Walimu Lamu: Bando ni la Nani?

Muhula ukifunguliwa, vikundi vya WhatsApp vya walimu hujaa viungo. Huyu katuma programu ya chemshabongo, yule tovuti ya kuandalia maazimio ya kazi, mwingine video ya darasa la ng'ambo ambapo kila mtoto ana kishikwambi chake. Chini ya kila kiungo hufuata ubishi uleule. Walimu vijana, hasa wa sekondari msingi, wanalalamika kwamba Lamu inaachwa nyuma. Wakongwe wanauliza bando ni la nani.

Swali la wakongwe huchekwa, kana kwamba ni la watu wanaoogopa simu. Kwangu ni swali la maana sana. Sifa za programu hizi zimeandikwa kwa wingi na nyingi ni za kweli, lakini mfuko unaozilipia hautajwi. Shule ya msingi ya umma hutengewa Sh1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kabla pesa hizo hazijafika kwenye intaneti, zimeshaliwa na vitabu, chaki, mitihani na madawati yaliyovunjika. Kinachobaki ni mfuko wa mwalimu. Nao mwajiri amekwisha kuutumia: tathmini ya utendaji wa mwalimu (TPAD) ya Tume ya Huduma kwa Walimu hujazwa mtandaoni, alama za upimaji wa mtaala wa umilisi hupakiwa mtandaoni, taarifa za wanafunzi vilevile. Kwa hiyo mwalimu akifika kwenye programu ya kufundishia, bando la wiki limeshaisha kwa kuwahudumia wakubwa.

Tuanze na Kahoot!, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Ni ya Norway, ikazinduliwa mwaka 2013, na raha yake inaeleweka: swali linatokea kwenye skrini, watoto wanakimbizana kubonyeza rangi, majina ya wanaoongoza yanapanda na kushuka, muziki unapigwa. Hata anayesinzia kipindi cha baada ya chakula huamka. Lakini mchezo huo unataka skrini kubwa mbele, kifaa mkononi mwa kila mtoto au kila kikundi, na mtandao usiokatika. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu, na wazazi wengi wanaunga mkono marufuku hiyo. Anayeing'ang'ania Kahoot! hapa inabidi akusanye simu za walimu wenzake, jambo linalowezekana siku ya kuja wageni.

Plickers, programu nyingine ya chemshabongo, haiko hivyo. Inahitaji simu moja tu, ya mwalimu. Watoto wanapewa kadi za karatasi, kila moja na mchoro wake mweusi wa miraba, na kwenye pande zake nne kuna herufi A, B, C na D zilizoandikwa ndogo sana. Mtoto akitaka kujibu B anaigeuza kadi mpaka B ikae juu, kisha anainua. Swali lenyewe laweza kuandikwa ubaoni kwa chaki. Mwalimu anapitisha kamera darasani na majina yanajitokeza kwenye simu yake: aliyepata, aliyekosa, ambaye kadi yake haijasomwa. Seti ya kawaida ina kadi 40, kubwa ina 63, na hupakuliwa bure. Kwa vile michoro haifanani, kumchungulia jirani hakusaidii kitu.

Ina vituko vyake, lakini. Kuchapa kwenye saiba ya mjini ni gharama. Karatasi tupu hujikunja kwa unyevu wa bahari, kwa hivyo hubandikwa juu ya kipande cha katoni, na ikipigwa plastiki humeta kwa jua la dirishani hadi kamera isione kitu. Watoto hufunika pembe ya mchoro kwa kidole gumba. "Mwalimu, yangu imeingia?" huulizwa mara ishirini. Ila baada ya dakika chache mwalimu anajua jambo ambalo mikono iliyoinuliwa haimwambii: kwamba wale watatu wa nyuma wasiofungua mdomo wameelewa hesabu za sehemu, na kwamba nusu ya darasa, pamoja na wale wanaojibu kwa sauti, wanajumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Somo la kesho linabadilika hapohapo. Kwa bando la simu moja, hiyo ni faida kubwa.

Kundi jingine ninalolitetea ni la programu zisizouliza intaneti zikishawekwa. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, hupakiwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kwenye kompyuta pakato kuukuu au ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ikifika shuleni hurusha masomo yake kwa Wi-Fi ya ndani, bila salio hata la shilingi moja. Humo mna video za masomo za Khan Academy, majaribio ya sayansi ya PhET na hadithi za African Storybook. PhET ilianzishwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, na kwa shule isiyo na maabara ni neema: watoto wanaunga betri, waya na balbu kwenye skrini, balbu inawaka, wanaongeza betri ya pili, inawaka zaidi, mmoja anaunga vibaya na moto unatokea. Hakuna aliyeungua wala balbu iliyonunuliwa. GeoGebra nayo huchora maumbo na grafu bila mtandao. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, na leseni yake inaruhusu mtu kunakili, kutafsiri na hata kubadilisha. Mwalimu wa Siyu akiona hadithi inamtembeza mtoto kwenye mitaa ya jiji asilolijua, anaweza kumpandisha mashua.

Hapo ndipo watetezi wa teknolojia wanapopata nguvu, na nawapa haki yao. Kwa shule ya kisiwani Pate, ambako kitabu cha ziada husafiri kwa gari hadi Mokowe kisha kwa boti, maktaba nzima iliyo ndani ya diski moja ni jambo kubwa. Katika wadi ya Basuba, kando ya msitu wa Boni, ukosefu wa usalama umewahi kufunga shule kwa muda mrefu. Mwalimu wa huko hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kitu kinachobebeka mfukoni.

Lakini faida kwa nani, na kwa bei gani? Kuna utafiti uliofanywa Kisumu chini ya mradi wa kusoma wa PRIMR, ukachapishwa mwaka 2016, ambao ningependa kila anayesukuma vifaa shuleni ausome. Kundi moja la shule, wanafunzi walipewa visomaji vya kielektroniki. La pili, walimu walipewa vishikwambi. La tatu, vishikwambi walipewa wakufunzi wanaozunguka kuwasaidia walimu. Makundi yote matatu yalizishinda shule zisizopata mradi, ila yenyewe kwa yenyewe hayakupishana kwa kiasi cha kutajika, na njia ya kuwapa wakufunzi ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko zote. Maana yake, pesa za kumpa kila mtoto kifaa hazikuleta usomaji bora kuliko pesa chache zilizotumika kumfanya mwalimu afundishe vizuri zaidi.

Serikali ilikuwa imeshashika njia ya ghali. Ahadi ya laputopu ya mwaka 2013 ikageuka vishikwambi, na kuanzia 2016 vikasambazwa zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi. Vingi vilimalizia maisha kabatini. Nchi nzima kulikuwa na sababu zake, za stima, mafunzo na hofu ya wizi. Huku kwetu ongeza chumvi. Hewa ya Lamu hula tundu la chaji kama inavyokula msumari, na kifaa kilichofungiwa mwaka mzima hakitoki kikiwa kilekile.

Upande wa pili wa ubishi una silaha nyingine ambayo wakongwe hawaitumii vya kutosha. Programu hufa. Edmodo, iliyokuwa darasa la mtandaoni la walimu wengi duniani, ilifungwa Septemba 22, 2022. Microsoft iliiondoa Flip, ambamo wanafunzi walijirekodi video, kama programu ya kujitegemea Julai 2024. Google ikaifunga Jamboard, ubao wake wa mtandaoni, mwisho wa mwaka huohuo. Quizizz, ya chemshabongo, haikufa, ila mwaka 2025 ilibadilisha jina na kuwa Wayground, na aliyezoea kuitafuta kwa jina la kale akachanganyikiwa. Mwalimu aliyejenga maswali ya miaka mitatu ndani ya nyumba ya mtu hana la kusema mwenye nyumba akifunga mlango. Naye akiwa hamfungii, anaweza kupunguza vya bure mpaka kilichobaki kisitoshe darasa letu. Ushauri wangu hapa ni wa kizamani: maswali yaandikwe kwanza kwenye faili yako mwenyewe, kisha ndiyo yanakiliwe kwenye programu.

Na mtandao wenyewe si wa kuutegemea kwa kila kipindi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikwama. Hapo hata mwenye bando nono alirudi kwenye chaki.

Suala la taarifa za watoto ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu halizungumzwi kabisa. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wa programu za elimu zilizopendekezwa na serikali wakati wa korona katika nchi 49, na kukuta asilimia 89 zilihatarisha au kuvunja faragha ya watoto. Hapa Kenya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Hata hivyo mwalimu anaandika majina matatu ya kila mtoto, darasa na alama zake kwenye tovuti aliyoijua jana. Plickers na wenzake hawahitaji jina kamili. "Salma 14" inatosha, na orodha ya nani ni nani ikae kwenye daftari la mwalimu.

Kazi ya nyumbani kwa simu ya mzazi nayo nitaipitia haraka, maana kwangu imeshashindwa. Baba akiwa mvuvi, simu iko baharini naye. Mama akiwa nayo, ina kioo kilichopasuka na salio la kupiga tu. Mtoto akitoka shule anakula, anakwenda madrasa, anarudi magharibi. Zoezi lililotumwa saa kumi na moja kwenye kikundi cha wazazi linawafikia walewale ambao wangelifanya hata bila simu.

Akili unde ni mgawanyiko mpya. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, maazimio ya kazi na maandalio ya somo yanaandikwa kwa dakika chache. Wakaguzi wanalalamika kwamba walimu hawaandiki wenyewe. Tuwe wakweli: maazimio yaliuzwa kwenye saiba tangu zamani, yakiwa na jina la shule nyingine limefutwa kwa wino mweupe. Mashine haikuleta uvivu huo, na mwalimu mwenye vipindi vingi anayepata jioni moja zaidi ya kusahihisha insha sitamlaumu. Shida ni kuamini kilichomo. Mwambie mashine akutungie tarbia juu ya bahari. Ubeti wa kwanza utapendeza macho, halafu hesabu: mshororo huu una mizani 16, unaofuata 18, kina cha kati kimepotea njiani, na kibwagizo kinasema jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Mtoto wa Lamu aliyezoea kusikia kasida za maulidi atashtuka kabla ya kuhesabu. Kwa kweli hapo ndipo naiona faida yake: mpe darasa shairi bovu la mashine walirekebishe kwa kalamu nyekundu. Watajifunza mizani vizuri kuliko kwa kukariri maana yake.

Hata baada ya kuyapima yote hayo, vijana wamebaki na hoja moja ambayo siwezi kuipangua. Mtaala wa umilisi umeweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi, na sekondari msingi kompyuta imeingizwa ndani ya masomo ya awali ya kiufundi. Simu moja ya mwalimu na kadi za katoni zitamwonyesha nani hajaelewa hesabu za sehemu. Hazimfundishi mtoto kushika kipanya, kuandika barua pepe, wala kutafuta habari mtandaoni na kupambanua ya kweli na ya uongo. Mtoto wa Kizingitini, kisiwani Pate, na mwenzake wa Malindi mjini, ambaye pengine nyumbani kuna kompyuta na intaneti ya kulipia kwa mwezi, wanakaa mtihani mmoja wa KJSEA, ule wa kumaliza sekondari msingi. Kompyuta mbili zenye Kolibri haziwatoshi watoto hamsini, na vishikwambi vya 2016 betri zake zimeshakufa. Hapo sina programu ya kupendekeza. Panahitajika vifaa, fundi wa kuvitunza anayeishi Lamu na si wa kusubiriwa kutoka Mombasa, na bando lenye kifungu chake katika bajeti ya shule, lisitoke kwenye mshahara wa mtu.